Mikisa tatu, bafu moja

Chini ya ngazi ya nyumba yetu, pale marehemu babangu alipokuwa akiweka makasia na nyavu, siku hizi pana mikisa mbili za shawa, vile vyombo vya kuchanganya maji ya moto na ya baridi. Moja imo ndani ya boksi lake, yang'aa vile vile kama siku niliyoinunua. Ya pili nimeiviringisha kwa kipande cha kanga kuukuu, imeshaota ukoga mweupe. Ya tatu ndiyo iliyoko ukutani. Zote tatu nilizinunua mimi mwenyewe, kwa pesa zangu, ndani ya miezi kumi na minne, na bafu letu ni moja tu. Watu wa nyumbani wakipita pale ngazini hunitazama, na mimi hujifanya sioni.

Nyumba iko mtaa wa Langoni, hapa Amu, yaani mji wa Lamu. Ni nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake unene wa dhiraa moja, dari ya boriti. Bafuni kuna birika kama la nyumba nyingi za kale, na ndani ya birika samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Ukitaka kuoga wateka kwa kata, wajimwagia, umemaliza. Nimekua hivyo na sikuwa na shida na hivyo.

Shida ilikuja na miguu ya mamangu. Ameishi na sukari miaka mingi, na tangu mwaka juzi imeingia ganzi. Ikifika Juni, kusi ikivuma kwa nguvu, maji ya birika alfajiri hayakamatiki kwa baridi. Basi tukawa twachemsha maji juu, kwenye kidari cha meko, jiko letu la juu, halafu mmoja wetu ateremka na sufuria hadi bafuni. Ngazi za nyumba za Amu mwazijua: nyembamba, zimepinda, vidato havilingani. Asubuhi moja mpwa wangu wa miaka kumi na mbili aliteleza na sufuria mkononi. Maji yalimwagika ukutani, si mwilini, tukashukuru. Lakini siku ile nilikata shauri kwamba hakuna mtu atakayepanda na kushuka na maji ya moto tena.

Nilianza na shawa ya umeme, ile watu wanayoiita instanti, kwa kuwa ndiyo rahisi. Sitaieleza sana. Tuliiunga kwa maji ya kisima chetu cha uani, ambayo yana chumvi, na chumvi ni adui wa vitu viwili kwa mpigo: hula ile koili ya kuchemshia, na hupitisha umeme vizuri kuliko maji matamu. Haikutimiza miezi mitatu mamangu akashika koki akaurusha mkono kama aliyeumwa na nge. Baadaye niliambiwa kuna aina zilizotengenezwa mahsusi kwa maji ya chumvi, na kwamba hata hizo zataka waya nene na waya wa ardhi unaofika ardhini kweli, si unaoishia nyuma ya soketi. Labda kwa nyumba yako itafaa. Mamangu alishaapa hataigusa, na mtu wa umri wake akishaapa, imekwisha.

Nikapokea zamu yangu ya chama, nikanunua hita ya sola ya lita 150. Hiyo sijutii hata shilingi. Jua la Amu halihitaji kuombwa. Tuliiunga kwenye tangi la darini linaloingia maji ya mfereji, yale yatokayo visima vya kwenye michanga ya Shela, kijiji cha jirani, na maji ya kisima chetu tukayaacha yawe ya kusukumia choo na kufagilia uwanja. Tangu mwanzo tenganisheni maji hayo mawili. Chochote chenye koili, vali au matundu madogo kipeni maji yaliyo matamu zaidi mliyonayo.

Sasa ikabaki kuyachanganya. Maji ya sola wakati wa kaskazi, jua la Januari, yaweza kupita nyuzi 70. Hayo si ya kuoga, ni ya kupikia ugali. Lazima kuwe na kitu cha kuyakutanisha na ya baridi kabla hayajafika mwilini, na kitu hicho ndicho mikisa. Na hapa ndipo nilipoanza kupoteza pesa.

Mimi hufanya kazi ya hesabu katika nyumba moja ya wageni Shela. Vyumba vyake vina shawa za mvua, yale masahani makubwa ya juu, maji yakianguka mabegani kama masika. Kwa miaka sita nimekuwa nikiandika bili za kuzisafisha na kuzitengeneza, na moyoni nikisema, siku moja na mimi. Kwa hivyo nilipokwenda Mombasa kwa harusi, niliingia duka la vifaa nikiwa nimeshachagua kabla ya kuingia. Muuzaji aliniuliza rangi. Hakuniuliza maji yangu yatoka wapi, na mimi sikujua kwamba hilo ni swali. Nikatoa shilingi 27,500 kwa seti nzima: mikisa yenye kujipima joto yenyewe, bomba refu la kupandia, sahani ya sentimita 25 na shawa ya mkono. Basi lilichukua boksi kwa shilingi 700 hadi Mokowe, upande wa bara, boti 150, punda kutoka gatini 200. Mwenye punda alinitania njiani kwamba nimeleta injini.

Fundi wa kwanza aliifunga kwa siku mbili, elfu tano. Jioni ile tulijipanga mlangoni mwa bafu kama watu wanaongoja bwana harusi. Akafungua. Kutoka kwenye lile sahani zuri yakadondoka maji matone matone, katikati tu, pembeni hakuna kitu. Fundi akasema ni hewa ndani ya bomba, itatoka. Tukangoja siku tatu. Hewa gani hiyo ya siku tatu?

Aliyenifungua macho ni ami yangu. Ujana wake aliufanya kwenye meli, chumba cha mashine, na hata sasa haamini kitu mpaka akipime. Alikuja na futi na ndoo ya lita kumi. Kwanza aliweka ndoo chini ya shawa, akatazama saa. Ikajaa baada ya dakika tano na zaidi. Kisha akapanda darini, akashusha kamba kutoka kitako cha tangi hadi usawa wa sahani la shawa, akapima ile kamba. Mita moja na nusu na kidogo.

"Lete boksi," akaniambia.

Nikaleta. Akavaa miwani, akageuza geuza, akaniwekea kidole palipoandikwa kwa herufi ndogo: 1.0 hadi 5.0, na mbele yake neno "bar".

"Unajua hii ni nini?"

"Sijui, Ami."

"Hiki ni kipimo cha nguvu ya maji. Maji yasiyosukumwa na pampu hupata nguvu kwa urefu yanaoangukia. Mita kumi za urefu ndiyo bar moja. Wewe una mita moja na nusu. Chombo hiki chataka mita kumi ndipo kianze kuamka. Tangi lako ungeliweka juu ya mnara wa msikiti, mwanangu, na bado ukaomba dua."

Nilicheka, halafu nikaingia chumbani nikalia. Si kwa pesa peke yake. Nilihisi mjinga, mimi ninayekagua hesabu za watu. Kumbe kule Shela kuna mnara wa tangi na pampu inayosukuma mabomba yote mawili, la moto na la baridi, na bili zake nilizipitisha kwa mkono wangu mwenyewe kila mwezi bila kujiuliza zafanya nini.

Basi kama unataka kununua mikisa, ya shilingi elfu tano au ya elfu hamsini, usianzie dukani. Panda darini. Shusha kamba. Urefu kutoka kitako cha tangi hadi pale maji yatakapotokea, kwa mita, ugawe kwa kumi, hiyo ndiyo nguvu yako kwa bar tangi likikaribia kwisha. Tangi likijaa waongeza kidogo, lakini usijipe moyo kwa tangi lililojaa. Ukishapata namba hiyo ndipo uende kutafuta chombo kinachosema kinaridhika nayo. Zipo mikisa zinazotosheka na 0.1 au 0.2. Huwa hazipendezi sana kwenye rafu, na muuzaji huziweka nyuma.

Ungedhani baada ya somo hilo nilitulia. Sikutulia. Nilikuwa na haraka, kusi ilikuwa bado inavuma, na ami alikwenda Siyu kwa mazishi akakawia huko. Nikamwita fundi mwingine. Huyu alisema dawa ni pampu. Nikanunua pampu ndogo kwa 8,500, na mikisa ya kawaida ya vitasa viwili kwa 6,200, kwa kuwa ile ya kwanza niliogopa kuifunga tena nisije nikaiharibu. Akaiweka pampu kwenye bomba la baridi peke yake. Nilipomuuliza kwa nini si yote mawili, akasema pampu ile haipendi maji ya moto, na kwamba baridi ikiwa na nguvu, moto utafuata wenyewe. Nikamlipa 3,500.

Moto haukufuata. Baridi iliyosukumwa na pampu ilikuwa na nguvu mara nyingi kuliko moto uliotegemea kuanguka tu, na vikikutana ndani ya mikisa mwenye nguvu ndiye anayepita. Si hivyo tu, baridi ilikuwa ikirudi nyuma ndani ya bomba la moto, yapanda mpaka kwenye sola. Usiku twasikia maji yanamwagika darini, twadhani mvua. Ili kupata uvuguvugu tukajifunza ujanja: kitasa cha moto wafungua chote, cha baridi wagusa tu. Tukazoea. Binadamu huzoea upuuzi upesi sana.

Siku ya tukio ilikuwa Ijumaa, mwezi wa Januari, saa nane za mchana baada ya jua la tangu asubuhi. Mamangu alikuwa amekaa kwenye kibao chake bafuni, anaoga, maji yamwangukia miguuni. Stima ikapotea. Pampu ikanyamaza. Baridi, ambayo tulikuwa tumeigusa tu, ikabaki uzi, na moto wote uliofunguliwa ukashuka. Mtu mwenye miguu mizima angeruka. Yeye hakuhisi. Alikuja kushtuka maji yaliporuka hadi mapajani, na kufikia hapo ngozi ya mguu wa kulia ilikuwa imeshageuka.

Nilifika kwa kelele zake. Sitaandika yote. Niliteka maji ya birika, yale yale ya kata tuliyokuwa tumeyakimbia, nikamwagia mguu ule mfululizo. Jirani alikuja na dawa ya meno, mwingine na asali, nikawaomba wasimguse. Muuguzi wa zahanati alisema nilifanya sawa, maji baridi ya kawaida kwa dakika ishirini, pasipo barafu wala kupaka kitu. Lakini kwa mgonjwa wa sukari jeraha la mguu halina dogo. Lilichukua wiki saba kufunga. Wiki saba za kusafishwa, na mimi kila nikimwona anachechemea kwenda kuswali najua ni kwa sababu ya pampu ya 8,500 na haraka yangu.

Mama mwenyewe hakunilaumu hata siku moja. Alisema tu, kwa sauti yake ya chini na Kiamu chake, "Mwanangu, mai hayana udugu," yaani maji. Ningependa angenigombeza.

Ami aliporudi, hakusema neno. Alichomoa pampu, akakaa uwanjani, akaomba kahawa, na tukaanza upya kama watu wanaojenga jahazi: kwanza mkuku.

Jambo la kwanza alilosisitiza ni kwamba moto na baridi lazima vitoke kwenye mama mmoja. Tangi moja la baridi lilishe sola, na tangi lilo hilo lishushe bomba la baridi la mikisa, pasiwe na pampu upande mmoja. Vikitoka kimo kimoja, nguvu zao hukaribiana, na mikisa yoyote, hata ya bei ndogo, hutulia. Ukitaka pampu kabisa, iwe ya kusukuma vyote viwili kwa pamoja, na ujue stima ikienda vyote viwili vitashuka kwa pamoja. Sisi tuliamua kuishi bila pampu. Kelele yake peke yake ilikuwa inanitia wazimu.

Jambo la pili, kulipandisha tangi. Nyumba za Mji wa Kale hupandishi kitu darini kwa kujiamulia, kwa kuwa mji umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001. Nilikwenda kuuliza kwanza, nikachora na picha. Na tangi la lita 500 likijaa ni nusu tani. Boriti haziwezi kubebeshwa hiyo katikati ya chumba. Mwashi alijenga kitako cha mita moja na sentimita thelathini kwenye pembe, pale kuta mbili nene zinapokutana, uzito ukashuka ukutani moja kwa moja. Kilinigharimu 11,000. Kumbuka jambo ambalo sisi nusura tulisahau: ukipandisha tangi, lile bomba la sola la kupumulia lipandishe pia lipite usawa wa maji ya tangi, la sivyo utakuwa unamwaga maji ya moto darini mchana na usiku.

Jambo la tatu, mabomba. Yale ya zamani yalikuwa ya chuma, nusu inchi, na tulipokata kipande ndani mlikuwa mmebaki tundu la kupita penseli, kwingine kote kutu na chokaa. Tukaweka mabomba ya plastiki ya kuchomelea kwa moto, yale yanayohimili maji ya hita, robo tatu ya inchi kutoka tangini hadi mlangoni mwa bafu, halafu nusu inchi mita moja ya mwisho tu. Vifaa 7,400. Maji yenye nguvu ndogo yapeni njia pana na kona chache. Kila elbo ni ushuru.

Baada ya hayo ndipo tukazungumza mikisa. Nilishangaa jinsi uchaguzi ulivyokuwa umepungua. Kati ya zile mia za kwenye duka, zilizokuwa zinatufaa hazikuzidi tano.

Nilitaka yenye kujipima joto, safari hii si kwa fahari. Ami alinieleza inavyofanya kazi. Ndani yake mna kidonge cha nta. Nta ikipata joto huvimba, ikisukuma pistoni inayobana njia ya moto. Ikipoa hunywea, njia ikafunguka. Kwa hivyo maji ya baridi yakikatika ghafla, nta huvimba na kufunga moto kabla mtu hajaungua. Kitasa chake huwa na kizuizi kwenye nyuzi 38, ambazo ni joto la kuogea, na huwezi kupita hapo bila kubonyeza kitufe kwa makusudi. Kwa mzee asiyehisi miguu, au mtoto, mimi sasa siwezi kununua nyingine. Lakini hicho kidonge kina masharti yake. Chataka moto uingie kushoto na baridi kulia, ukigeuza hakifanyi kazi. Chataka maji ya moto yawe yamezidi kiasi joto unalotaka kuogea. Na chataka vichujio na vali za kuzuia maji yasirudi kwenye maingilio yote mawili, ambazo nyingine huja nazo ndani na nyingine hazina. Uliza.

Kisha nikachagua ya kufungwa nje ya ukuta, si ya kufichwa ndani. Za kufichwa hupendeza, nakubali. Lakini ukuta wa matumbawe ukiuchimba hujui utakoishia, unamong'onyoka kama mkate wa mofa, na siku mikisa itakapovuja ndani kwa ndani utajua baada ya boriti ya chini kuoza. Ya nje, ikivuja, nitaona kesho asubuhi. Umbali wa katikati ya mabomba yake mawili ni milimita 150. Mwambie fundi kabla hajapiga lipu, asije akaacha 140 akakwambia itaingia tu. Kwa kuwa ukuta wetu haushiki skrubu, fundi aliweka kwanza ubao wa mti mgumu, akapigilia kwenye ubao.

Kuhusu madini, nilikuwa nimejifunza kwa ile ya pili. Ilikuwa nyepesi, na chini ya ule mng'aro mlikuwa na madini ya zinki tu. Hewa ya bahari iliitoboa vidoa vidoa kabla ya mwaka. Tafuta ya shaba nyeupe, ambayo ni nzito. Ishike mkononi, ilinganishe na nyingine. Mpira wa shawa ya mkono usichukue ule uliosukwa kwa chuma kinachong'aa, kutu yake huanzia ndani ya misuko. Wa plastiki laini hudumu zaidi kwetu. Na vitasa viwe na mbawa au mkono wa kushikia. Vile vya duara laini, vidole vya mzee vikiwa na sabuni haviwezi.

Mwisho ni mamangu aliyeniamulia. Nilimuonyesha picha kwenye simu. Hakutazama sahani wala rangi. Akauliza, "Na udhu nitatilia wapi?" Mimi nilikuwa nimeiwaza shawa kama kitu cha juu tu, wakati yeye hutumia maji bafuni mara tano kwa siku kwa udhu na mara moja tu kwa kuoga. Kwa hivyo tukatafuta mikisa yenye mdomo wa bomba chini na kitasa cha kugeuzia kwenda shawa ya mkono juu. Mdomo ule ndio unaotumika kuliko kitu chochote nyumbani. Wajaza ndoo, wafua kidogo, watia udhu ukiwa umekaa. Shawa ya mkono iko kwenye reli, yateremka hadi usawa wa kibao.

Iligharimu 16,800, ya kuagizwa, ikakaa wiki tatu. Kwenye boksi iliandikwa 0.2. Nilisoma mimi mwenyewe, mara mbili, mbele ya muuzaji. Fundi wa tatu alichukua elfu sita kwa kazi yote pamoja na mabomba. Kabla sijamlipa, ami alisimama na mkono chini ya maji, akamwambia afunge koki ya baridi. Baada ya sekunde chache maji yakakatika, yakabaki matone. Hapo akanitazama, nami nikatoa pesa. Mfanyie fundi wako jaribio hilo, na likishindikana usilipe.

Ndoo ile ile ya lita kumi sasa hujaa kwa dakika moja na nusu. Si mvua ya Shela. Ukiwa na nywele ndefu kama mimi, kuosha sabuni yote kunataka subira. Bado nalitamani lile sahani, sitasema uongo, na kuna siku kazini huingia chumba kilicho wazi nikafungua shawa nikaitazama tu.

Matunzo si mengi. Maji yetu yana chokaa, kila baada ya wiki tatu nakifungua kichwa cha shawa na kukilaza kwenye siki usiku kucha. Wakati ndimu ni rahisi natumia ndimu. Vichujio nilivifungua mwezi wa pili nikakuta mchanga. Mchanga huo ungeingia ndani ungekwaruza vali, na vali yenye mikwaruzo haiachi kudondosha. Na mara moja moja geuza kitasa cha joto kutoka mwisho hadi mwisho kisije kikaganda.

Katika daftari langu nimeandika shilingi 51,750 za mikisa mbili za kwanza, pampu, usafiri na mafundi wawili, na 41,200 za kazi iliyofaa. Mguu wa mamangu sikuuandikia namba.

Mwezi uliopita niliiweka ile ya kwanza kwenye mtandao, iuzwe nusu bei. Kijana mmoja wa Malindi alipiga, ana haraka, nyumba yake mpya, mke amependa lile sahani. Nikamuuliza tangi lake liko juu kiasi gani kutoka shawa. Akanyamaza kidogo. Akasema tangi liko darini, kama ya watu wote. Nikamwambia achukue kamba, apande, apime, kisha anipigie. Sijasikia kutoka kwake, na boksi bado liko chini ya ngazi.